Dawa ya kambare: majini au kwenye chakula?

Kambare wa kilo mbili akitokwa na vidonda vyekundu, wengi wetu hapa Mombasa hukimbilia kumwaga oksitetrasaiklini, dawa ya kupambana na bakteria, tangini. Kwa maji magumu ya visima vyetu, hiyo ni hasara tupu: kalsiamu na magnesiamu huishika dawa kabla haijamfaa samaki, mwanga huigeuza kahawia, na bakteria wazuri wa chujio huweza kufa. Tena tangi kubwa linakula dawa, we!

Kwenye chakula, kipimo hufuata uzito wa samaki: miligramu 55 hadi 83 kwa kilo kila siku, siku 10, kwa idhini ya daktari wa mifugo. Mimi nachagua chakula. Ila kambare aliyegoma kula, huyo ni wa sindano.