Highbury, nyumba ya Joseph Chamberlain mjini Birmingham, Uingereza: uzoefu wangu

Naipa nyota nne kati ya tano. Moja naizuia kwa sababu ya mlango tu: Highbury si makumbusho ya kuingia siku yoyote. Hukodishwa kwa harusi na mikutano, na anayekuja bila kuulizia siku ya ziara huishia kuzunguka kuta kwa nje. Ulizia kwanza, ndipo ukate tiketi ya treni. Ukishafika katikati ya mji, basi namba 50 linapita Alcester Road. Kutoka hapo ni mwendo wa miguu.

Nyumba ilijengwa 1878 hadi 1880. Mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa skrubu aliyepata kuwa meya, 1873 hadi 1876, akaifanya gesi na maji kuwa mali ya mji. Msanifu naye aliitwa Chamberlain, John Henry, ila hawakuwa na undugu.

Uzuri wote uko ukumbini. Kimo chake ni ghorofa mbili, na roshani imeuzunguka kwa juu. Watu wengi huinua simu papo hapo na kupata picha nyeusi, kwa kuwa mbao za rangi nzito humeza mwanga. Weka simu chini kwanza. Simama katikati, macho yazoee, kisha sogea karibu na pambo moja ufuate shina lake kwa jicho hadi linapotoa jani na ua. Msanifu huyu aliamini kwamba pambo la kweli huanzia kwenye mmea halisi, na kila unapotazama utaona alimaanisha. Nje pia, kwenye matofali mekundu na terakota (mapambo ya udongo uliochomwa), usipite haraka.

Usitarajie zile nyumba za vioo alimooteshea okidi zake, ua alilolivaa kifuani kila siku. Hazipo tena. Kwangu hilo ndilo pengo kubwa zaidi la mahali hapa, maana zilikuwa fahari yake.

Anayetoka kwetu Afrika Mashariki ana la ziada la kuuliza. Chamberlain alikuwa Waziri wa Makoloni kuanzia 1895 hadi 1903. Desemba 1902 alishuka Mombasa akapanda reli ya Uganda, na mwaka uliofuata serikali yake ikawapendekezea Wazayuni, yaani Wayahudi waliotafuta nchi yao wenyewe, ardhi ya Afrika Mashariki, baadaye ikatajwa Uasin Gishu, kana kwamba haina wenyewe. Mwulize mwongozaji waziwazi. Birmingham humkumbuka zaidi kwa maji na gesi, na nyumba hii haielezeki vizuri bila upande huo wa pili.

Ukimaliza ndani, teremka Highbury Park, ambako huhitaji tiketi. Sehemu yake ilikuwa bustani ya nyumba hiyohiyo, na ukigeuka kutazama juu unaelewa kwa nini alichagua mteremko huu. Vaa buti: mvua ikinyesha, udongo wa pale hushika maji na njia za nyasi huteleza.