Batri ya gari mu Lubumbashi: pima borni mbele ya kuuliza bei

Tangu baridi ya mwezi wa sita ianze, malalamiko ninayopata ni moja tu ata kama bantu ni tofauti: nilinunua batri mupya, haijakaa, na asubuhi gari inafanya tak tak inanyamaza, ba jirani banakuja kusukuma. Mama moja wa Katuba alibadilisha batri, ikaendelea vilevile, mufundi akamwambia demareri, ile moteri ndogo ya kuwasha gari, imekufa, akanunua na demareri, na gari ikabaki na tak tak yake. Nikamwomba kitu kimoja tu, anitumie foto ya kosi, kile chuma cha ku waya kinafunga kichwa cha batri. Mu foto kulikuwa kipande cha mukebe wa maziwa kimeshindiliwa kati ya kosi na borni, ni kusema kile kichwa chenyewe. Njo nikaona heri niandike hii kabisa kuliko kujibu mutu moja moja.

Mambo ya ampea sitayazungumzia sana, ju muuzaji yeyote atakuimbia ampea toka asubuhi mpaka jioni, na ile iliyoandikwa ku batri ya zamani itakutosha. Volti nayo ni 12 kwa zote. Mi niko na kitu kimoja tu, ile hakuna mutu anauliza: unene wa borni.

Borni ni vile vichwa mbili vya risasi vinatokea juu ya batri, na kosi njo kile chuma cha ku waya kinavifunga. Wengi wetu tunafikiri borni ni borni. Hapana. Kuna nyembamba za mutindo wa Japani, ya + iko na milimita 14.7 chini kabisa na ya − iko na 13. Na kuna nene, ya + ni 19.5, ya − ni 17.9. Karibu milimita tano za tofauti! Sasa gari zetu nyingi hapa zimetoka Japani kupitia Dar es Salaam, usukani kuume, na ukifungua boneti ya Vitz, IST ao Fielder mara nyingi utakuta batri ya B19 ao B24 (hizi namba nitazieleza chini) yenye borni nyembamba na kosi nyembamba. Lakini batri zinazopita Kasumbalesa kutoka Afrika Kusini, na zile za Ulaya, kwa kawaida ni nene. Ndani ya duka moja zinakaa pamoja juu ya shelfu, borni zimefunikwa kofia ya plastiki, na we unaangalia rangi na bei.

Halafu inakuwa hivi. Batri nene, kosi nyembamba: kijana wa duka anachukua turnevisi, anapanua kosi, anagonga na nyundo, ikikataa anakwaruza risasi ya borni na kisu mpaka iingie. Kosi inapasuka upande wa chini ambako hauoni. Batri nyembamba, kosi nene: anatia bati, ao musumari, ao karatasi ya ndani ya paketi ya sigara, anafunga na kle ya 10, anatikisa kidogo, "mama, iko muzuri, washa". Unawasha, inawaka, unalipa, unaenda.

Kwa nini inawaka ile siku na inakataa mwezi wa saba? Demareri ya gari ndogo inaweza kuvuta ampea 150 wakati wa kuwasha, na pale kosi inagusa borni upande moja tu, upinzani wa ohm 0.01, kitu kidogo ya namna hiyo, unakula volti 1.5 palepale mbele kuran, ni kusema umeme, haijafika ku demareri. Mchana na joto hauoni kitu. Asubuhi ya baridi batri yenyewe imepunguza nguvu, mafuta ya moteri yamekuwa mazito, na ile volti 1.5 njo ilikuwa inakosekana. Kisha bantu banasema batri zinakufa ju ya baridi, na kusema kweli joto la mwezi wa kumi njo linazimaliza ndani, baridi inakuja tu kuonyesha. Ukitaka kujua kama ni kosi, washa mataa, mwambie mutu azungushe funguo, kisha gusa kosi. Kama imepata moto, usinunue batri, usinunue demareri, shida iko hapo chini ya mukono wako.

Na kuna ile mbaya zaidi. Kosi isiyokaza ikiruka juu ya mashimo moteri ikiwa inazunguka, alternateri, ile inatengeneza umeme moteri ikizunguka, inabaki bila batri ya kutuliza kuran, volti zinapanda kwa gafula, na gari za leo ziko na kalkilateri, ile kompyuta ya gari, si kama Peugeot za ba papa zetu. Diodi za alternateri zinaungua, kalkilateri nayo inaweza kufuata. Yote ju ya kipande cha mukebe.

Kupima hauhitaji chombo cha mufundi. Kata karatasi nyembamba, zungusha chini ya borni ya + ya batri yako ya zamani, weka alama pale inakutana, pima na rula ya mutoto. Nyembamba inakupa muzunguko wa kama sentimita 4.6, nene kama 6.1. Enda ku duka na ile karatasi. Bauzaji bamoja watakucheka, wacha wacheke.

Tena soma maandishi. Batri ya mutindo wa Japani inaandikwa kwa mfano 46B24L. 46 ni nguvu yake, B ni upana na urefu wa kusimama, 24 ni urefu kwa sentimita, na L ni upande wa borni. Hapa bantu bengi banachanganyikiwa: weka batri borni zikuwe karibu na tumbo lako, kama + iko kuume, hiyo ni L. Kuume, ndiyo. R ni + kushoto. Ukikosea hapo waya haitafika, na kama ikifika kwa kuvutwa kwa nguvu unaweza kugeuza + na − na kuchoma fyuzi kubwa. Na nyuma ya L kukiwa S, yaani 46B24LS, borni ni nene. Ile S moja tu. Nimeona duka la katikati ya mji wanauza LS kwa gari yenye kosi nyembamba, nikamwonyesha muuzaji ile S, akaniambia ni "spesiale". Gari za batri ya D, kama D23, D26, D31 za Prado na ndugu zake, hazina hii shida, zote ni nene.

Sasa nipange batri, toka ile ninapenda zaidi.

Ya kwanza kwangu ni GS, na sifichi kama naipenda. Ni ya GS Yuasa ya Kyoto, na zile herufi mbili ni za Genzo Shimadzu, yule alitengeneza batri ya risasi ya kwanza mu Japani mu 1895, kwa hiyo hii kazi hawakuianza juzi. Zinatengenezwa pia Thailand, Indonesia na inchi zingine, isikutishe. Ninaipenda ju maandishi yake yanasema ukweli, B24L ni nyembamba, B24LS ni nene, kosi ya Toyota inashuka juu ya borni yenyewe bila nyundo, unakaza na kle ya 10 na haitikisike. Iko na bei, najua. Na ju ya ile bei kuna bantu banabandika karatasi ya GS juu ya batri isiyo na baba, basi kama karatasi imekunjamana ao namba haiko ku batri yenyewe, iache pale.

Ya pili ni Amaron, ile ya rangi ya majani kutoka Tirupati, India. Nayo inafuata vipimo vya Japani na inapatikana na borni nyembamba. Imefungwa, hauongeze maji, na hapo mi kidogo sifurahi, ju napenda kufungua vizibo na kuona kama maji imefunika sahani za risasi za ndani. Lakini mutu asiyependa kugusa gari, achukue hii.

Ya tatu Willard ya Afrika Kusini, ila kwa mwenye kosi nene. Hilux, pikapi za kazi, gari za njia ya Likasi na Kolwezi. Ni batri nzuri, shida ni namba zake, 628, 646, 652, hazikuambie kitu juu ya borni kama hauna ile orodha yao mukononi, kwa hiyo karatasi yako ya kupima njo inafanya kazi. Varta nitaiweka hapohapo kwa wenye gari za Ulaya. Varta wako pia na fungu la gari za Asia, ukiipata ni sawa, pima tu.

Kama umependa batri nene na kosi yako ni nyembamba, badilisha kosi, nunua mbili nene za risasi ao shaba, ni bei ndogo kando ya batri. Kinyume chake, kuna vikofia vya risasi vya kuvalisha borni nyembamba ili ikuwe nene, vinauzwa. Si mukebe.

Za bei ya chini zisizo na jina, na zile za "kufufua" wanafungua, wanaosha, wanapaka rangi: zitakusukumisha gari. Nimemaliza nazo.

Na usikubali kuuziwa batri ya gari kwa ajili ya televisheni na mataa ya nyumba wakati SNEL, kampuni ya umeme, imekata. Batri ya kuwasha gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi muda mufupi, ukiilaza tupu kila usiku unaiua. Bauzaji banajua hiyo, na bado wanauza ileile kwa bantu bote, kisha garanti ikifika wanasema uliitumia nyumbani. Hii garanti nayo! Ni ya mudomo. Mwambie aandike ku faktire tarehe na namba ya batri, uone vile bei inapanda ao vile kalamu inapotea. Dolari yako ikiwa na kovu ndogo ku kona wanakurudishia, inapimwa ku jua mbele nyuma, lakini batri yao imekaa mu vumbi toka sijui lini na hawataki uipime. Beba multimetri, kile chombo cha kupima volti. Batri imejaa inaonyesha volti 12.6. Chini ya 12.4, aichaji mbele yako ao alete ingine. Nyuma ya kufunga, moteri ikizunguka, uone kati ya 13.8 na 14.5, na wakati wa kuwasha isishuke chini ya 9.6.

Ukifunga mwenyewe nyumbani, − inatoka ya kwanza na inarudi ya mwisho. Kile chuma cha kushika batri chini kirudi mahali pake, si mupira wa baisikeli, ju batri inayoruka inavunjika sahani.

Na batri ya zamani ni ya kwako. Muuzaji anaisogeza na mguu chini ya meza kama takataka, na risasi yake inauzwa kwa kilo. Aitoe ku bei ao uirudishe mu boti ya gari yako.