Hisa yenyewe au CFD?

Juzi pale gati Lamu kijana kanionyesha simu ati kanunua hisa za Apple, kuangalia ni CFD, mkataba wa tofauti ya bei, yaani hisa hana hata chembe, kabeti tu bei ipande au ishuke, na kwa vile atumia mkopo wa broka, yule dalali wa soko, hela yaweza kuisha chai haijapoa. Tena ukiiacha wazi hiyo CFD usiku kucha wakatwa riba, kwetu waislamu hapo pagumu. Kuweka hela lakini ni rahisi, M-Pesa tu, hilo nakubali.

Hisa yenyewe kwa broka wa nje ina mlolongo: kitambulisho, fomu ya W-8BEN ya kuwaambia watu wa kodi Marekani kuwa wewe si wa kwao, kutuma dola benki nayo yala chaji. Gawio, ile faida kampuni yagawia wenye hisa, Marekani wakata kodi asilimia 30 sababu Kenya haina mkataba nao wa kodi. Ila ni yako, na kuna mabroka wauza kipande cha hisa kwa dola chache. Mie niko huku kwa hisa yenyewe.