Sensa za kuegesha kwa gari la umeme: za kutoboa bampa au za utepe?

Gari la umeme lililotoka kiwandani bila sensa za nyuma, yaani vitambuzi vinavyolia gari likikaribia kizuizi, linaweza kuongezewa, na njia ni mbili. Ya kwanza ni sensa za mawimbi ya sauti, kwa kawaida nne, zinazopachikwa kwenye matundu ya bampa. Hutoa mawimbi ya takriban kilohezi 40, ambayo sikio halisikii, kisha hupima muda wa mwangwi kurudi. Ya pili ni utepe wa metali unaobandikwa ndani ya bampa ya plastiki. Hakuna tundu, na kwa nje huoni kitu.

Utepe unavutia, hasa kwa anayeogopa kupeleka keekee kwenye bampa iliyopakwa rangi. Lakini una kasoro nzito: hutambua mabadiliko ya umbali tu. Gari likisimama sentimita 30 kutoka kwenye nguzo, mlio hunyamaza, kana kwamba nguzo imejiondokea. Mvua ikichuruzika juu ya bampa, unaweza kulia bure. Sensa za sauti huendelea kulia hata ukisimama, ingawa tope likizifunika huwa viziwi.

Umeme wa kuziendesha ni uleule: volti 12 kutoka waya wa taa ya rivasi. Pima volti za waya huo kwa mita ya umeme kwanza, maana baadhi ya magari hulisha taa za LED kwa umeme wa kukatikakatika, na sensa hazitulii. Nyaya nene za rangi ya chungwa ni za volti za juu, usiziguse kabisa.

Mimi ningetoboa, baada ya kubandika mkanda wa karatasi na kupima mara mbili.