Gari la spoti kama gari la kwanza la kijana, hapa Kigoma: tazama tairi kabla ya injini

Tangu vijana wa kidato cha sita wamalize mitihani, simu yangu haipumziki. Wanaoniandikia wengi ni akina mama. Mmoja wa Gungu anasema baba watoto alimzawadia kijana wao Toyota Crown Athlete. Kijana ana miaka 19 na leseni ya daraja D ameipata juzi tu. Masika hayajaisha, matairi mawili yameshapasuka, na sasa gari linatembea na matairi ya aina tatu tofauti. Ananiuliza: "Dada, tuliuziwa gari bovu?"

Hapana, mama. Gari ni zima. Mliuziwa matairi ambayo hayakutengenezewa Kigoma, na hakuna aliyewaambia.

Sitapoteza muda kwenye mambo ambayo kila mtu anayajua. Kwamba injini kubwa inakula mafuta, unajua, na kwamba EWURA, mamlaka inayosimamia nishati, inapotangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya mwezi sisi wa Kigoma tunakuwa miongoni mwa wanaolipa zaidi, hilo nalo unalijua kila unapojaza tanki. Kwamba chini ya miaka 18 hakuna leseni ya gari, unajua pia. Katia bima kubwa, usibishane na hilo. Mimi nina ugomvi na kitu kimoja ambacho sijamwona mzazi hata mmoja akikiinamia yadini: ubavu wa tairi.

Ukichuchumaa ubavuni mwa tairi utaona maandishi kama 225/45R18. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu, kwa asilimia ya ule upana. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Piga hesabu: asilimia 45 ya 225 ni kama milimita 101. Kati ya chuma cha rimu na ukingo wa shimo una sentimita kumi za mpira na upepo, basi. Tairi la 215/45R17, ambalo magari mengi ya spoti ya Kijapani yanalivaa, lina milimita 97 hivi. Sasa linganisha na 185/65R15: milimita 120. Utasema tofauti ni ndogo. Si ndogo. Gari likitumbukia kwenye shimo, chuma cha rimu kinalibana tairi dhidi ya ukingo, na zile sentimita mbili ndizo zinazoamua kama nyuzi za ndani zitakatika au zitapona.

Nyuzi zikikatika, tairi halipasuki siku hiyo. Linaota nundu. Hivi karibuni nilikuwa gereji moja ya Mwanga wakati Toyota Altezza nyeusi imeinuliwa kwa jeki. Kwa nje tairi la mbele lilikuwa linang'aa, limepakwa dawa mpaka unajiona. Fundi akaingiza mkono upande wa ndani, ule unaoelekea shokapu, akaupitisha taratibu, akasimama. Akanishika mkono akaniwekea hapohapo. Nundu ya ukubwa wa yai, laini, inabonyea. Mwenye gari, kijana wa miaka kama 20, alikuwa amelitoa gari Manyovu asubuhi ile kwa mwendo anaoujua yeye. Barabara ya Manyovu ni lami nzuri, lakini ni milima na kona mwanzo mwisho. Lile tairi lingepasuka kwenye kona, tusingekuwa tunaongea habari za rimu.

Na hapa ndipo ujana unapoingia. Dereva mzoefu akiliona shimo na hana pa kulikwepea, anafunga breki mapema halafu anaiachia kabla tairi halijazama. Kijana anafunga breki akiwa ndani ya shimo. Uzito wote wa gari unalala mbele, tairi linabanwa mara mbili. Hilo halifundishwi vizuri, linakuja kwa kuendesha. Kwa hiyo tunampa mtu asiye na uzoefu gari lisilosamehe kosa, kisha tunashangaa.

Tairi likishaharibika unalipata wapi? Matairi ya rimu 14 na 15 yapo mjini, kwa sababu ndizo zinazovaliwa na gari nyingi tunazopishana nazo. Saizi ya 17 na 18 yenye ubavu mwembamba unaagiza Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200, unasubiri mzigo wa basi. Kijana hasubiri. Anakwenda kwa muuza matairi ya mtumba, anachukua lolote linaloingia kwenye rimu, na gari linarudi barabarani na tairi jipya kushoto na kipara kulia. Mvua ikinyesha, gari linavuta upande mmoja kila likifunga breki. Ndiyo hali ya yule wa Gungu.

Sasa, kijana apewe gari la spoti au asipewe? Mimi sisemi asipewe. Kijana anataka gari lenye sura, na kumnunulia gari analolionea aibu ni kumfanya aazime la rafiki yake, ambalo hulijui. Mpe, ila kwa mpangilio huu.

La kwanza ni Toyota Corolla RunX, au pacha wake Allex, yenye injini ya cc 1500. Mimi ni mtu wa Toyota na sifichi. RunX ina umbo la spoti, milango mitano, inavuta kwa magurudumu ya mbele, na injini yake ya 1NZ-FE ni ileile iliyomo kwenye IST ya cc 1500, kwa hiyo fundi yeyote wa Katubuka ameshaifungua. Rimu za kawaida ni ndogo, tairi lina ubavu wa kutosha, na ukipasua unanunua palepale. Angalia jambo moja: kuna RunX inayoitwa Z Aerotourer, cc 1800, injini ya 2ZZ-GE, nguvu za farasi 190. Kwa nje zinafanana mno. Hiyo si ya mwanao mwaka huu. Na kwa kuwa RunX ziliacha kutengenezwa 2006, usiagize Japani. Utalipia ushuru wa uchakavu. Tafuta iliyokwishaingia nchini, yenye usajili wa namba C au namba D, iliyotunzwa na mtu mmoja.

Ya pili ni Suzuki Swift Sport. Ni gari dogo, cc 1600, linavuta mbele, na kijana atafurahi kweli kwa sababu linakamata kona. Lakini ile ya 2005 hadi 2010 inatoka kiwandani na tairi la 195/50R16, ubavu wa milimita 97 hivi. Ukimnunulia, nunua na tairi moja la akiba la saizi hiyohiyo siku hiyohiyo, uliweke ndani. La sivyo iache.

Nafasi ya tatu nampa Toyota Mark X, na najua wengi watanishangaa. Ile ya 2004 hadi 2009 yenye cc 2500 ina nguvu za farasi 215 na inasukuma kwa magurudumu ya nyuma, kwa hiyo si gari la mwezi wa kwanza. Lakini sikiliza: Mark X ya kawaida inavaa 215/60R16, ubavu wa milimita 129, mnene kuliko hata wa magari madogo. Ile inayopendwa na vijana, ya S Package, inavaa 225/45R18. Gari ni lilelile, injini ni ileile, na dalali atakuuliza nyongeza kwa ajili ya ile yenye rimu mbaya kwako. Kijana akishaendesha gari jingine mwaka mzima, masika na kiangazi, Mark X yenye rimu 16 inamfaa. Crown Athlete ya yule mama ina tatizo la S Package, rimu 18, na kwa kijana mimi nisingeinunua kabisa.

Altezza iko chini ya Mark X. Ni nzuri kwa macho, naikubali, na ile ya RS200 yenye gia za mkono ina nguvu za farasi 210. Ila inasukuma nyuma, nyingi zinakuja na rimu 17, na zimeshapita kwa vijana wengi kabla ya mwanao. Udongo wetu mwekundu ukilowa unateleza mno. Ukikanyaga mafuta kidogo tu ukiwa unapinda kuingia mtaani, mkia unatangulia. Kwenye mitaa yenye watoto wa shule na baiskeli za madumu ya mawese, hapana.

Subaru Impreza WRX ina kasoro ambayo wauzaji hawaisemi hata uwabane. Inavuta magurudumu yote manne, na mfumo huo unataka matairi manne yanayolingana: saizi moja, aina moja, uchakavu unaokaribiana. Ukibadilisha moja likawa jipya na matatu yakawa yameisha, gurudumu moja linazunguka tofauti na mengine muda wote, na mzigo unakwenda kwenye difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Kwa hiyo pancha moja mbaya ni matairi manne. Juu ya hapo kuna tabo (turbo) ya kutunza. Namwonea huruma mzazi atakayelipa.

Mwisho kabisa ni Mazda RX-8 na Toyota 86. Haya ndiyo magari ya spoti ya kweli katika orodha hii, na nyingi zinakuja bila tairi la spea. Ukifungua buti unakuta kopo la dawa ya kuziba pancha na pampu ndogo. Dawa ile inaziba tundu la msumari. Ubavu uliopasuka haizibi. Mwanao akipasukiwa kati ya Uvinza na Malagarasi jioni, atakaa pale na kopo lake mkononi. RX-8, tena, injini yake inachoma oili kwa jinsi ilivyoundwa, na kijana asiyezoea kuchomoa kipimo cha oili ataiua.

IST, Vitz na Passo ni za bei nafuu, hazina shida ya tairi, na kijana anayetaka spoti hatashukuru. Kama hela ndiyo hiyo, chukua Vitz, umemaliza.

Sasa niseme la moyoni kuhusu wauzaji.

Gari linalotoka Japani kipindi cha baridi mara nyingi huja na matairi ya theluji. Mpira wake ni laini ili ushike kwenye barafu. Hapa kwetu, kwenye lami ya jua la mchana, unalika haraka, na kwenye mvua breki zake ni ndefu. Yanatambulika: tafuta neno STUDLESS ubavuni, au alama ya mlima wenye kipande cha theluji ndani yake, au majina kama Blizzak na iceGUARD. Nimeingia yadi moja Dar es Salaam, magari yamepangwa yanang'aa, na gari la spoti la mamilioni limesimama juu ya matairi manne ya theluji. Nikamwuliza kijana wa mauzo. Akanijibu kwamba hayo ni matairi "original ya Japani", ndiyo maana bei iko juu. Mteja analipia kitu ambacho anapaswa kukitupa! Inaniuma, kwa sababu anayelipia ni mfanyabiashara wa dagaa wa Kibirizi aliyekusanya fedha ile usiku kwa usiku ziwani.

Na bei zenyewe wanazisingizia ushuru. Ushuru upo, na si siri. Ushuru wa forodha ni asilimia 25. Ushuru wa bidhaa ni sifuri hadi cc 1000, asilimia 5 hadi cc 2000, asilimia 10 zaidi ya hapo. Gari lililozidi miaka kumi linaongezewa asilimia 30, kisha VAT asilimia 18 inakaa juu ya yote hayo. TRA, mamlaka ya mapato, wana kikokotoo kwenye tovuti yao, ingiza mwaka na aina ya gari uone mwenyewe kabla hujaambiwa "kodi imepanda mama". Kinachobaki baada ya bei ya kununulia, kodi na meli ni faida ya mtu, na ana haki ya faida, lakini asiniambie ni serikali.

Ukifika yadini, chuchumaa. Tafuta herufi DOT ubavuni na tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wakati mwingine tarakimu ziko upande wa ndani, kwa hiyo nenda na tochi. Pitisha kiganja ndani kama alivyofanya fundi wa Mwanga. Fungua buti, toa spea, isome nayo. Rimu za spoti mara nyingi zina nati moja ya kufuli kwenye kila gurudumu, yenye ufunguo wake maalumu. Usiondoke bila ufunguo huo, ukipotea hata pancha hutaitoa. Halafu andika zile tarakimu za matairi yote matano, manne ya chini na la spea, kwenye mkataba wa mauziano kabla ya kutoa malipo ya awali. Kuna madalali wanaobadilisha matairi gari likiwa linasubiri salio, na gari likifika Kigoma huna pa kuanzia kulalamika kama hukuyaandika.