TAHADHARI: "Daktari" wa WhatsApp anayeuza dawa za kukata hamu ya kula Kampala

Dada zangu na mama zangu wa Kisenyi, Old Kampala, Bombo, Jinja na kwingineko Uganda, naomba mnisikilize. Kuna mtu anauza kapsuli za kukata hamu ya kula kwa WhatsApp. Anajiita daktari, na anasema ukishalipa unakuwa "chini ya usimamizi wa daktari" kwa miezi mitatu. Nilimtumia shilingi 420,000 kwa mobile money. Hela imekwenda na nimeshaililia, lakini kilichonifanya niandike ni usiku wa siku ya tisa, nilipokaa kitandani nimeshika kifua, nikidhani alfajiri hainikuti.

Mimi nina kilo 94, urefu sentimita 160, na presha ninayo tangu mimba yangu ya mwisho. Magoti yananiuma, ngazi za kwetu nazipanda kwa kupumzika mara mbili. Kituo cha afya walikuwa wameniambia nipunguze mwili. Ukiambiwa hivyo mbele ya foleni ya watu unatoka na aibu, unatafuta msaada wa chumbani, usioonekana na mtu. Wifi yangu akanitumia tangazo la mtu huyo. Kusema kweli lilikuwa zuri. Picha ya koti jeupe, maneno ya hospitali, ahadi kwamba nitafuatiliwa kila wiki. Yule mtu akaniuliza uzito, urefu na namba ya kutumia hela. Basi. Mengine hakuuliza.

Mzigo ukaletwa na boda jioni, kwenye kaveera nyeusi, yaani mfuko wa plastiki. Ndani kulikuwa na kikopo cheupe chenye kapsuli 60, na lebo ya majani mabichi iliyoandikwa kuwa ni mitishamba mitupu. Baadaye, nikiwa nimetulia, niliikwangua lebo ile kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na lebo nyingine, imefutwa futwa, haisomeki ila tarehe ya mwisho wa matumizi, nayo ilikuwa imepita. Mahali pote hapakuwa na jina la kiwanda.

Zilifanya kazi, na hapo ndipo mtego ulipo. Siku ya pili sahani ya matooke niliiangalia kama naangalia ukuta. Nikafurahi. Siku ya nne mdomo umekauka, usingizi hakuna, moyo unakwenda mbio nikiwa nimekaa tu. Nikamwandikia. Akajibu: "Mama, hizo ni sumu zinatoka, endelea." Nikamwambia nina presha na ninakunywa dawa zake kila asubuhi. Akaniambia niziache kwanza, eti zinagongana na zake. Nami nikaziacha. Nalisema hili bila kujificha, kwa sababu najua kuna anayesoma hapa ambaye leo asubuhi ameacha zake.

Usiku ule wa siku ya tisa mume wangu alinipeleka kiliniki kwa boda, mimi katikati, yeye nyuma amenishika. Presha ilikuwa 178 kwa 110. Daktari wa zamu, binti mdogo tu, alinituliza, akanitibu, kisha akaniuliza swali moja: "Mama, huyo anayekusimamia, amewahi kukupima presha?"

Hajawahi. Hajawahi hata kuniona.

Nilirudi kwa daktari yule wiki iliyofuata, akanieleza vizuri, na maelezo yake nayaleta hapa kwa sababu yule tapeli anaishi kwa kuiga kitu ambacho kweli kipo. Dawa za kukata hamu ya kula zipo, na madaktari huziandika. Fentermini kwa mfano iliruhusiwa Marekani mwaka 1959. Lakini iko katika ukoo wa dawa za kusisimua mwili: inaamsha ubongo, na inaweza kupandisha presha na mapigo ya moyo. Ndiyo maana mwenye ugonjwa wa moyo hapewi, mjamzito hapewi, mwenye tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi hapewi, na ambaye presha yake haijatulia anatulizwa kwanza. Huandikwa kwa muda mfupi, wiki chache, kawaida hazizidi 12. Na si kwa kila anayetaka kupungua. Daktari anaangalia BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu: 30 au zaidi, au 27 kama tayari una presha au sukari. Yangu inapita 36, kwa hiyo kwa uzito nastahili, ila presha yangu ndiyo inayokataa kwa sasa. Usimamizi maana yake ni hiyo, kuna mtu wa kukuambia hapana.

Tena kuna hesabu. Anayepewa dawa hizi kihalali anapimwa damu, anapangiwa chakula na mazoezi, anarudi kupimwa, na kwa zile dawa za muda mrefu, baada ya miezi mitatu kama hajapungua angalau asilimia 5 dawa inasimamishwa. Kwa kilo zangu hiyo ni kama kilo 5. Tapeli wangu aliniahidi kilo 20.

Kuhusu kilichomo kwenye kapsuli zile, daktari hakutaka kubahatisha. Ila alinitajia sibutramini, nayo ya kukata hamu ya kula. Dawa hiyo iliondolewa sokoni Marekani na Ulaya mwaka 2010 baada ya kuonekana inaongeza mshtuko wa moyo na kiharusi kwa wenye matatizo ya moyo, na tangu hapo imekutwa mara nyingi, nchi nyingi, imefichwa ndani ya vidonge vinavyouzwa kama mitishamba ya kupunguza mwili. Mdomo mkavu, kukosa usingizi, moyo kwenda mbio: alizitaja kabla sijamaliza kumsimulia.

Hapa kwetu dawa ya kuandikiwa na daktari hutoka famasi yenye leseni ya NDA, Mamlaka ya Taifa ya Dawa. Hata vile viduka vidogo vya dawa vya mtaani haviruhusiwi kuiuza, sembuse namba ya simu. Na daktari wa kweli ana usajili kwenye Baraza la Madaktari. Mwombe jina kamili na namba ya usajili. Mimi nilimwomba tapeli wangu, baada ya kuumia. Alinifungia WhatsApp dakika ileile.

Kapsuli zilizobaki nimezipeleka NDA pamoja na kikopo na ujumbe wake wote. Wifi yangu naye amepeleka zake. Kama unazo nyumbani usizitupe, zipeleke, lebo na kikopo kama vilivyo. Kama unazimeza, ziache leo na ukapime presha leo, na kama huyo mtu alikuachisha dawa zako za presha au za sukari, mwambie daktari akurudishe kwenye matibabu yako.

Namba ile bado iko hewani. Juzi imebadilisha picha, koti lilelile jeupe, na sasa anatangaza sindano za Ozempic, dawa ya kisukari inayopunguza pia hamu ya kula, zinazoletwa na boda. Sindano hizo kabla ya kufunguliwa hukaa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8, na Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu za bandia. Kwenye picha yake zimepangwa mezani, juani, pembeni ya kaveera nyeusi.