Twisheni ya vizibo na vijiti, Kihonda: kusoma nawapa nyota tano, hesabu tatu

Nianze na bei, maana najua wengi ndicho mnachotafuta. Ni shilingi 500 kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa, kuanzia saa kumi jioni mpaka saa kumi na moja na nusu. Unalipa kwa wiki, tena kwa simu ukitaka. Wanasomea barazani kwa mwalimu mmoja mstaafu hapa Kihonda, Morogoro, wamekaa kwenye mikeka. Kama unataka madawati na ubao mkubwa, pita mbele, twisheni za namna hiyo zimejaa mtaani.

Mimi ni fundi cherehani, binti yangu yuko darasa la tatu na mwakani ana upimaji wa kitaifa wa darasa la nne. Huko tulikotoka (sipataji) kazi ilikuwa kunakili ubaoni. Daftari limejaa, tiki nyekundu kila ukurasa, mwandiko mzuri kuliko wangu. Mwambie sasa asome alichokiandika mwenyewe: anakutazama usoni.

Kwa huyu mzee hatukuulizwa mtoto yuko darasa la ngapi. Alimkalisha pembeni na karatasi moja ya maandishi makubwa: silabi, halafu maneno, halafu aya fupi, halafu hadithi. Waliowahi kupitiwa majumbani mwao na watu wa Uwezo, wale waliokuwa wakizunguka kupima watoto kusoma na hesabu, wataikumbuka, kipimo chao kilikuwa cha ngazi hizohizo, na hadithi yenyewe ni ya kiwango cha darasa la pili tu. Ba be bi bo bu binti yangu alizisoma bila kupumua. "Meza" sawa, "kuku" sawa. Kufika "mbwa" akakwama, na "nywele" ikawa "nyele". Mwalimu akachukua kitabu chenye picha, chini yake pameandikwa "Juma anapanda mti". Binti akasoma kwa sauti ya kujiamini kabisa: "Juma yuko juu ya mti." Mzee akaifunika picha kwa kiganja, akasema, "Haya mama, rudia." Kimya.

Akapelekwa kundi la maneno, pamoja na mtoto wa darasa la pili na kijana wa darasa la tano aliyeanza kuota ndevu. Hapa ndipo wazazi wengine wanapochukia. Mama mmoja alimnyanyua mwanawe siku ileile akisema hajalipa hela ili mtoto arudishwe nyuma. Namwelewa, lakini yule kijana wa darasa la tano mzee alimpa kazi ya kugawa na kukusanya kadi, na sikusikia mtoto hata mmoja akimtania. Na kundi si kifungo, kila baada ya wiki kadhaa wanapimwa tena na anayeweza anapanda.

Nilimuuliza mzee njia hii ya kupanga watoto kwa wanachoweza, si kwa darasa, kaitoa wapi, akanitajia Pratham, shirika la India lililoanzia Mumbai miaka ya tisini. Wao waliona kwamba mwalimu anayefukuzana na silabasi anajikuta anafundisha wale wa mbele, waliobaki wanapiga makofi. Nikasoma zaidi kwenye simu huku nasubiri umeme urudi. Abhijit Banerjee na Esther Duflo, walioshinda Nobel ya uchumi mwaka 2019, walifanya tafiti nyingi juu ya njia hii. Mwenzao wa tuzo hiyohiyo, Michael Kremer, alishiriki utafiti magharibi mwa Kenya ambako shule zilipewa vitabu vya kiada, na waliopanda alama ni wale waliokuwa tayari vinara. Mtoto asiyejua kusoma utampa kitabu afanyie nini? Kwetu KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) imetiliwa mkazo darasa la kwanza na la pili tangu mtaala wa 2015, na ni jambo zuri, ila mtoto akivuka kwenda la tatu bila kuzishika, masomo yanaongezeka na hakuna mwenye nafasi ya kumrudisha kwenye silabi.

Sasa vizibo. Ni vizibo vya soda, ndani vimebandikwa vikaratasi vya silabi. Mzee anasema "nyumba", watoto wanapekua wapate nyu na mba. Halafu anaanza uchokozi: toa nyu weka chu, inasomekaje? Toa chu weka sha. Toa sha weka pa. Chumba, shamba, pamba, wanapiga kelele mpaka majirani wanachungulia. Mwisho kila mtoto anaandika sentensi yake, si ya ubaoni. Binti yangu alikuja na "Mbwa wa mjomba anachimba shamba la pamba." Nimeibandika juu ya cherehani, wateja wanaisoma wakisubiri vipimo.

Likizo ya Juni ilipokwisha alikuwa kundi la aya. Sasa hivi yuko hadithi, anasoma polepole lakini anasoma, na ukimuuliza Juma alikwenda wapi anakujibu.

Hesabu ilianza vizuri vilevile. Alikuwa akipewa 42 kutoa 17 anaandika 35, kila mara, kwa sababu anatoa tarakimu ndogo kwenye kubwa bila kujali ipi iko juu: saba toa mbili, nne toa moja. Shuleni amewekewa mkasi, basi. Mzee alimpa mafungu manne ya vijiti kumikumi yaliyofungwa kwa mpira, na vijiti viwili pembeni, akamwambia, "Nipe kumi na saba." Akatoa fungu moja. Akatazama vile viwili. Akamtazama mzee. Kisha akafungua fungu lingine mwenyewe, bila kuambiwa, akahesabu saba. Yakabaki mafungu mawili na vijiti vitano. Tangu hapo neno "kuazima" halimtishi.

Lakini baada ya kutoa, njia inaishia hapo. Kuzidisha ni kuimba table kwa pamoja, mbili mbili nne, fimbo inagonga mkeka, na kugawanya hata sijaona kukiguswa. Vijiti vipo palepale, si angewagawia watoto mafungu sawa? Nilimwambia, akasema muda hautoshi. Jibu hilo sikulipenda.

Jingine ni wingi. Habari zimesambaa, watoto wameongezeka, na kundi la hadithi sasa anaachiwa kijana aliyemaliza kidato cha nne. Mpole, ila anawasomesha kwa pamoja kwa sauti, na kwenye sauti za pamoja mtoto asiyejua anajificha vizuri tu. Mzee apunguze idadi au apandishe bei, mimi nitalipa hata 700.

Kama mwanao anasoma hadithi na kuielewa, usimpeleke, atapoteza jioni zake. Kama yuko la tatu, la nne, hata la sita na bado anababaisha kwa kuangalia picha, mpeleke, na nenda Jumatatu mapema kwa sababu wageni wanapimwa siku hiyo tu. Soda ukinywa usitupe kizibo, nenda nacho, mba zimepungua.